Mistari ya Juu Niliyoifuta

Kisii mjini,
Jumapili alasiri

Mama yangu,

Nashika miguu yako. Nianze na sauti, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu: msasa unapopita juu ya jiwe lililolowa maji. Shrr, kimya, shrr. Niliisikia siku moja tu, mwaka ule wa kwanza nilipofika huku, uani kwa kina Kemunto upande wa Tabaka. Sasa ni wiki ya tatu inanirudia. Nikiwa kazini ipo, nikitawadha ipo, nikikunja kanga zangu ipo.

Goti limepoa? Na ukindu wa safari hii, umekauka au mvua iliuwahi? Usiuanike tena kwenye ule ukuta wa jirani, utaanza maneno naye upya. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Kikohozi kile kimeisha. Mvua hapa inanyesha kila siku baada ya adhuhuri, kwa saa zake, mpaka watu wanaweka miadi kwa kusema kabla ya mvua na baada ya mvua. Ndizi ni tele. Ninakula. Ninakula peke yangu, lakini ninakula.

Nimekuandikia karatasi kwa sababu simu yako husikilizwa na ukumbi mzima, na jambo hili nataka likufikie wewe kwanza, ukiwa umekaa. Ni habari ya kile cheo. Nilipokupigia kukwambia kwamba mkuu wetu, Bwana Ombati, anataka kuniweka msimamizi wa watengenezaji wote wa tovuti pale ofisini, uliwapikia majirani wali wa nazi na ukamwita mjomba asome dua. Nilifurahi na nikanyamaza. Mama, wali ule uliupikia kitu ambacho si changu.

Nikueleze kwa mkeka, maana ndiyo njia uliyonifunza kueleza. Wewe hushoni mkeka kuanzia ukindu mbichi kila anapokuja mteja. Una kili zako ulizosuka siku za nyuma, umezikunja na kuzitia darini, na mtu akitaka mkeka wa chumbani unajua ushushe upi na upi. Kazi yangu ni hivyo hivyo. Tovuti ya shule, ya duka, ya chama cha wakulima wa chai, zote zina sehemu zinazofanana: mahali pa kuandika jina, orodha inayojikunja ukifungua kwa simu, kalenda ya kuwekea miadi. Ukishaandika sehemu moja ikakubali, huiachi ipotee. Unaiweka. Akija mteja mwingine unaichukua, unaipima, unaishona. Baada ya miaka unakuwa na mkusanyo wa vipande, na mwenye mkusanyo mzuri humaliza kwa siku mbili kazi ambayo mwenzake ataihangaikia wiki mbili. Kwa mkusanyo huo ndipo nilipopewa cheo.

Nao tuliuanza watu wawili.

Kemunto unamkumbuka, ndiye yule niliyekwambia tuliajiriwa siku moja. Mrefu, mpole, hutembea kama mtu anayehesabu hatua. Mwezi wangu wa kwanza, wakati kila mtu ofisini anacheka kwa Kigusii na mimi natabasamu nisichokijua, yeye ndiye aliyegeuza kiti akaniambia, akilikata jina langu, "Mwana, wanacheka mvua imenyeshea Ombati suruali, sio wewe." Tangu hapo akawa ananitafsiria hata vitu visivyohitaji. Ndiye aliyenichukua kwao. Tulipoingia uani akaita, "Baba!" nami nikajitengeneza buibui upesi, nikijua mzee anatoka. Akatoka mama. Huku mama ndiye baba, na baba ni tata. Kemunto alicheka mpaka akakaa chini.

Babake ni mchonga mawe ya sabuni. Yeye huchonga, mkewe husugua. Chini ya kila bakuli na kila kiboko mzee hukwaruza alama yake, mistari miwili na nukta. Mama yule alikuwa ameketi mbele ya karai la maji, anapitisha msasa, shrr, kimya, shrr, na nikaona alama ile inafutika mikononi mwake kama haikuwapo. Kisha akalikausha jiwe, akachukua msumari, akaikwaruza alama upya, polepole, kabla ya kupaka nta. Akafanya hivyo kwa kila kimoja. Nikauliza kwa nini anajisumbua na vitu vinakwenda kuuzwa mbali. Akajibu kwa Kigusii, Kemunto akanitafsiria: "Anasema mkono wake ndio umeifuta, basi mkono wake ndio uirudishe." Tukapewa wimbi na chinsaga, ile mboga yao chungu, na sikuruhusiwa kuinuka mpaka sahani iwe nyeupe.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Juu ya kila kipande mtengenezaji anaweza kuandika mistari michache ambayo kompyuta haiisomi. Huiruka tu. Imewekwa kwa ajili ya mtu. Kemunto alikuwa mwandikaji wa mistari hiyo. Jina lake, kazi ya kipande, na maneno mengine chini yake. Mimi sikuwa na subira nayo. Niliiona ni uchafu uliokaa mlangoni, nikawa nairuka kama kompyuta inavyoiruka.

Mwaka jana kabla ya Ramadhani Bwana Ombati alisema anataka kuona mkusanyo wetu, mbele ya watu wote na wageni wawili kutoka Nairobi. Kemunto alisema, "Ongea wewe, Mwana. Mimi nikifungua mdomo watasikia Kisii peke yake." Wageni wa namna ile walikuwa na tabia ya kumcheka lafudhi, nawe unajua Kiswahili changu, nimekinyonya kwako. Nikakubali. Asubuhi ya siku yenyewe nikaanza kusafisha. Nilitaka vipande vionekane nadhifu. Nikaandika amri moja fupi, nikaibonyeza, na mistari ya juu ya vipande vyote ikatoka kwa mpigo. Juu ya mkusanyo nikaandika jina langu, nikajiambia ni kwa sababu mimi ndiye nitakayesimama. Nilijiambia hivyo kwa maneno kamili, Mama, nayakumbuka.

Nilisimama nikaongea vizuri. Wakapiga makofi. Kemunto alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, na picha zilipokuwa zinapita ukutani nilimwona anatafuta kitu kwa macho, kwenye kila kipande, pale juu. Mwezi uliofuata ikabaki nafasi moja ya kazi kwa watu wawili. Nikapewa mimi, kwa ajili ya mkusanyo wenye jina langu. Alipokuwa anakusanya vitu vyake nikamwambia, "Tutaonana." Akasema, "Haya, Mwana. Umesugua vizuri." Akaondoka. Siku hizi anafundisha kompyuta katika shule moja huko Sironga, upande wa Nyamira. Si mbali. Sikwenda.

Unaniuliza kila mara kwenye simu kwa nini sina rafiki huku, na mimi nakujibu kazi ni nyingi. Watu wa hapa si wabaya. Wananisalimia, wananiuliza nimelalaje, jirani yangu hunigawia parachichi. Lakini nikifika mlangoni wananigeukia na Kiswahili, kama mtu anayevaa viatu kwa sababu mgeni ameingia, na nikitoka nasikia kicheko kinarudi kwenye lugha yao. Aliyekuwa akinitafsiria kicheko hayupo. Na mimi ndiye niliyemwondoa.

Ningeendelea hivyo miaka. Kilichonigutusha ni zahanati ya Keumbu.

Mwenyewe ni muuguzi aliyestaafu, Mama Nyaboke, Msabato wa kweli kweli. Alitaka tovuti yenye kalenda, kina mama waweke miadi ya kupimiwa watoto. Kalenda ninayo, nikaichukua kwenye mkusanyo, nikaishona siku moja. Nilijua habari ya Sabato, nani asiijue huku? Jumamosi maduka mengi ya barabara yetu yamefungwa na mji unakuwa na sauti ya kwaya. Lakini nilidhani zahanati haifungi. Sikumwuliza. Jumamosi ya kwanza simu ikalia.

"Wewe ndio Mwanaisha ya tovuti?"

"Ndiyo, Mama, ni mimi."

"Mimi niko kanisani, soja wa zahanati amekuja kuniita katikati ya somo. Iko kina mama saba kwa geti yangu na watoto, na mvua. Wananionyesha simu. Simu inasema Nyaboke amewaita saa tatu. Mimi niliwaita?"

Jumatatu nikaenda kumwangukia. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alinipa kiti, akanipa chai, akasema, "Niliwafungulia nikawapima wote na nguo ya kanisa. Kutibu si dhambi. Lakini hiyo kitu yako imesema kwa jina yangu maneno mimi sijasema. Umeniuzia Sabato yangu bila kuniuliza." Akaniongezea chai. "Na huyo mwenye kuitengeneza hakuandika mahali kwamba mtu aulize kwanza?"

Nilirudi na swali hilo. Chini ya sanduku langu kulikuwa na flashi ya zamani, kidude cha kuhifadhia kazi, chenye nakala ya mkusanyo ya kabla ya siku ile. Nikafungua kipande cha kalenda. Juu yake iko hivi, nakunakilia kama ilivyo:

"Kemunto. Kalenda ya miadi. Mwana, hapa kwetu siku hazifanani. Mteja akiwa Msabato, funga kutoka jua la Ijumaa likizama mpaka la Jumamosi lizame. Mkatoliki, funga Jumapili asubuhi. Usiweke siku hata moja mpaka umuulize mwenyewe. Najua utataka kumaliza haraka."

Mama, lilikuwa jina langu. Nikafungua kingine. "Mwana, kitufe hiki kinakwama kwa simu ndogo, jaribu na ya mamako." Kingine. "Mwana, hii nimeandika siku ulikuwa mgonjwa, nimekuachia uji kwa meza." Kingine, ile orodha inayojikunja ninayojivunia kwa kila mtu, ambayo ningeapa niliiandika mimi: "Mwana ndiye alileta wazo, mimi nikaandika tu." Alikuwa ananipa haki yangu kwa mkono ule ule. Mistari ile niliyoiita uchafu ilikuwa barua. Miaka miwili mtu alikuwa ananiandikia juu ya kila kipande, na mimi sikuisoma, kisha nikaifuta yote kwa kidole kimoja.

Tangu hapo, kila Jumamosi maduka yakiwa yamefungwa, nimekuwa nikiupanga upya mkusanyo. Mimi nilikuwa nimeupanga kwa sura: vitufe pamoja, majedwali pamoja. Nikaurudisha kwenye mpango wake yeye, ambao nilikuwa nauona wa kishamba. Yeye aliupanga kwa maswali ya watu. Folda moja inaitwa "Mnafungua lini?" Nyingine "Nitawapataje?" Nyingine "Mtoto wangu amepata nafasi?" Mtu anayejua mteja anauliza nini hawezi kupotea humo. Nikajaribu kipande kimoja kimoja kama bado kinakubali, nikairudisha mistari yake mahali pake. Nilipomaliza nikatenga vilivyo vyangu mimi, vya kweli. Vilikuwa tisa. Vingine vyote, vyaweza kujaza daftari, ni vyake.

Wakati huo Bwana Ombati alikuwa amekwishaandika barua ya cheo. Alitaka mkusanyo ufike kwake Ijumaa, wenye jina langu, wapewe vijana wanaokuja kuajiriwa. Nikaona heri niende Sironga kwanza. Hiyo ilikuwa Jumapili iliyopita.

Nilimkuta kibarazani kwa nyumba yake ya ualimu, anachambua chinsaga kwenye ungo. Hakuinuka.

"Mwana. Umepotea njia?"

"La. Nimekuja kwako."

Nikampa ile flashi, nikasema yote, maneno yakitoka vibaya, mimi niliyesemwa najua kuongea. Yeye vidole havikusimama, jani hili huku, kikonyo kule.

"Ombati anajua?"

"Bado."

"Na wale wengine?"

"Bado, nimeona nianze na wewe."

"Sasa mimi unaniletea ya nini? Mimi najua ni yangu, sijawahi kusahau." Akatupa kikonyo. "Uliifuta mbele ya watu, Mwana. Unairudisha hapa, mimi na wewe na kuku."

Kuku walikuwapo kweli, watatu. Sikuweza hata kucheka.

"Lakini ulisoma?" akauliza baadaye, kwa sauti nyingine. "Ile ya juu?"

"Nimesoma yote. Juzi."

"Juzi." Akalirudia kama mtu anayeonja kitu. "Mimi nilikuwa naandika nikijua unasoma."

Akainua ungo akaingia ndani. Nikasikia sufuria inafunuliwa, nikasikia harufu ya wimbi lililoiva. Mama, miaka hii yote sijaingia nyumba ya Mgusii nikatoka bila kula, hata kwa mtu asiyenijua, hata kwa Mama Nyaboke niliyemkosea. Nilisimama pale kibarazani nikingoja kuitwa. Alirudi mlangoni akatazama milima, akasema, "Mvua inakuja. Nenda kabla haijakushika." Flashi aliiacha kwenye ukingo wa kibaraza. Nikaichukua nikaondoka, mvua ikanishika.

Nifikishie salamu. Kwa bibi, mzaa baba, mwambie yale marashi yake bado yananukia kwenye sanduku langu. Kwa wifi yangu, mke wa kaka, na mtoto mchanga ambaye sijamwona. Kwa shangazi, na umwambie asiniulizie habari za mchumba, hazipo. Na kwa mjomba aliyenisomea dua. Barua yake nimeitia ndani ya bahasha hii, sikuifunga, uisome kwanza kisha umpe. Nimemwandikia mwenyewe kwamba dua ile niliipokea kwa cheo kisicho changu, ili isiwe kazi yako kumwambia. Wale majirani waliokula wali nitawaambia kwa mdomo wangu nikija.

Maana cheo sinacho tena. Nimelizunguka jambo hili kurasa zote hizi na limekwisha kupita. Ijumaa watu wote walikuwa wamekaa, Bwana Ombati ameweka barua mezani na kalamu juu yake. Nikasimama pale pale niliposimama mwaka jana. Nikasema vipande tisa ni vyangu na vingine vyote ni vya Kemunto, na kwamba jina lake nililitoa mimi, na nikaeleza siku na namna. Bwana Ombati akavua miwani.

"Mwanaisha, hii mambo ya nani aliandika nini, mteja anaijua?"

"Wa Keumbu anaijua, ilimfikia mpaka getini," nikasema.

Nikairudisha ile barua upande wake wa meza. Kisha nikafungua kompyuta, na wote wakiangalia ukutani, nikautuma mkusanyo mzima kwa kila mtu wa ofisi na kwa Kemunto pamoja nao, majina yote yakionekana, kila kipande na mistari yake ya juu. Kwenye kalenda niliongeza mstari mmoja wa kwangu, chini ya wake: "Maneno haya yalifutwa na Mwanaisha, na Mwanaisha ndiye aliyeyarudisha." Bwana Ombati alitia barua yake kwenye droo. Sijui kesho nitakuta kazi gani mezani kwangu, wala kama nitaikuta. Kemunto hajajibu, na leo ni siku ya pili. Lakini umekwenda, Mama. Uko kwenye kompyuta za watu wote, na hata nikitaka siwezi tena kuufuta.

Mwanao,
Mwanaisha